Klamidia ya vikope isipoota: kutafuta kosa kuanzia kope hadi hadubini

Kuotesha Chlamydia trachomatis, bakteria anayeleta vikope (trakoma), kutoka kwenye jicho la mtoto wa Kongwa au Rombo, Tanzania, ni kazi tofauti kabisa na kuotesha stafilokokasi kwenye sahani ya agari. Kimelea hiki hakioti nje ya seli hai. Kinaingia ndani ya seli, kinajijengea kifuko, kinazaana humo kwa siku mbili hadi tatu, kisha kinaipasua seli na kutafuta nyingine. Kwa hiyo chochote kinachoiumiza seli kinakuharibia kazi. Na dawa yoyote unayoweka ili kuua bakteria wengine ifikiriwe kwanza, kwa sababu unayemtafuta naye ni bakteria.

Kama swali lako ni moja tu, yaani kijiji hiki bado kina maambukizi au la, usijisumbue na seli. Tumia PCR, kipimo cha vinasaba: inashika maambukizi mengi zaidi, haidai kimelea kifike kikiwa hai, na inavumilia barabara mbovu. Seli zinahitajika pale unapotaka kimelea chenyewe kikiwa hai, kwa mfano kupima kama azithromaisini bado inakiua au kutunza aina za eneo fulani kwa utafiti wa baadaye. Yanayofuata ni ya mtu aliyekwisha kuamua hivyo, na sasa vichupa vyake haviotishi kitu, au vinaotesha asichokitaka.

Kazi ikienda sawa

Huwezi kuona kosa kama hujui usahihi ulivyo. Kimiminika cha kusafirishia sampuli, 2SP, kwa lita moja kina sukrosi gramu 68.46, K2HPO4 gramu 2.088 na KH2PO4 gramu 1.088, pH ikiwa karibu 7.2. Humo unaongeza seramu ya ndama asilimia 5 hadi 10, jentamaisini maikrogramu 10 kwa mililita, vankomaisini maikrogramu 100 na amfoterisini B maikrogramu 2.5. Weka mililita 1.5 hadi 2 katika kila kichupa chenye kifuniko cha kukaza na mpira wa kuzuia hewa.

Seli ni McCoy, ambazo asili yake ni panya, au HeLa 229. Unapanda seli kama 150,000 katika mililita moja ndani ya kichupa chenye kibamba cha kioo cha duara, milimita 12 au 13. Baada ya saa 24 hadi 48 zinakuwa zimefunika kioo chote kwa tabaka moja. Hapo unamwaga maji ya zamani, unaweka mililita 0.2 za sampuli, unazungusha kwenye sentrifuji kwa saa moja kwa nguvu ya g 1,000 (mara elfu ya mvutano wa dunia) au zaidi kidogo, joto likiwa kati ya nyuzi 33 na 37, kisha unaondoa sampuli na kuweka maji mapya ya kuoteshea: MEM, yaani maji ya virutubisho vya seli, yenye seramu asilimia 10, glukosi ya ziada hadi miligramu 5 kwa mililita, glutamini, jentamaisini, na sikloheksimaidi maikrogramu 1 kwa mililita. Saa 48 hadi 72 kwenye nyuzi 35 hadi 37. Baadaye unakausha kwa methanoli dakika 10, unapaka rangi na kusoma.

Sampuli au seli zilizoambukizwa hazifunguliwi nje ya kabati la usalama la daraja la pili, na vikombe vya sentrifuji viwe na vifuniko vyake. Kijijini unachukua na kufunga tu. Kupanda sampuli kwenye meza ya zahanati eti kwa kuwa gari litachelewa kunakuharibia sampuli na kunamweka msaidizi wako hatarini.

Vichupa vitatu vya kulinganishia

Asilimia kubwa ya ubishi wa maabara kuhusu "sampuli mbaya" au "seli mbaya" unaisha ukiwa na vichupa vitatu katika kila mzunguko wa kazi.

Cha kwanza kina 2SP peke yake. Hiki kikichafuka au seli zake zikifa, kosa liko kwenye vimiminika au vyombo, hata kabla hujamgusa mtoto.

Cha pili kina kimelea unachokijua, kutoka kwenye akiba iliyogandishwa, kilichopunguzwa nguvu hadi kitoe vifuko kati ya 50 na 100 kwa kibamba. Usikiweke kizito. Kidhibiti chenye vifuko maelfu kitaonekana kizuri hata utendaji wako ukiwa umeshuka mara kumi.

Cha tatu ni cha safari: kimelea kilekile, ndani ya 2SP ileile pamoja na swabu mpya isiyotumika, kimefungwa tabaka tatu na kupanda gari pamoja na sampuli, bila kufunguliwa njiani. Cha pili kikiota na cha tatu kikakataa, kosa liko barabarani. Vyote viwili vikiota na sampuli zote zikawa tupu, rudi kwenye kope au kwenye orodha ya watoto.

Sasa jambo linalosahaulika. Maabara nyingi hutumia L2, aina ya ugonjwa wa mitoki, kama kidhibiti, kwa sababu inaota kirahisi. Kwa kazi ya macho huyo ni shahidi wa uongo. L2 huingia kwenye seli hata bila sentrifuji. Serova (aina ndogo) A, B, Ba na C za vikope zinaingia kwa shida na zinategemea sana kule kuzungushwa. Sentrifuji yako inaweza kuwa inazunguka nusu ya kasi kwa mwaka mzima, L2 ikakupongeza kila wiki, na sampuli za macho zikawa zinakufa kimya. Juu ya hilo, L2 ikirushwa hewani ni hatari zaidi kwa mapafu ya mtu wa maabara. Kidhibiti cha macho kiwe serova ya macho.

Dalili: seli nzuri, kifuko hata kimoja hakuna

Hapa ndipo watu wengi hukwama, na sababu ni nyingi. Fuata njia ya sampuli yenyewe, kuanzia jichoni.

Huenda mtoto hana kimelea. Alama ya TF, yaani vikope vya vipele, ni vipele vitano au zaidi, kila kimoja angalau milimita 0.5, katikati ya upande wa ndani wa kope la juu. Lakini vipele hubaki wiki na miezi baada ya kimelea kuondoka. Pale maambukizi yalipopungua, watoto wengi wenye TF hawana cha kuotesha. Kope jekundu lililovimba hadi mishipa ya ndani haionekani vizuri, yaani TI (vikope vikali), lina nafasi kubwa zaidi ya kukupa kimelea hai. Ukihitaji aina hai, anza na hao, na wawe wadogo: watoto ambao hawajaanza shule ndio hubeba mzigo mkubwa.

Huenda kijiji kimekunywa dawa. Uliza tarehe ya ugawaji wa mwisho wa azithromaisini kabla ya kupanga safari, na uliza pia kama mama alipaka mafuta ya tetrasaiklini. Azithromaisini hukaa ndani ya tishu siku nyingi baada ya dozi moja ya miligramu 20 kwa kilo. PCR inaweza bado kuona mabaki ya vinasaba kwa muda, seli zako zisione kitu, na hakuna aliyekosea.

Huenda ulichukua tongotongo badala ya seli. Kimelea kimo ndani ya seli za utando wa kope, si kwenye usaha. Futa tongotongo kwanza kwa shashi safi na maji ya chumvi, bila kipukusi chochote. Geuza kope la juu, sugua swabu mara tatu kutoka pembe hadi pembe, kila mara ukiizungusha theluthi moja ili upande mpya uguse. Kugusa kidogo kwa huruma hakutoi seli. Mama amkalishe mtoto mapajani na kumshika mikono, mtu wa pili ashike kichwa, na kazi yote iishe kwa sekunde chache. Ili kujua kama sampuli inatosha, viringisha swabu ya pili kutoka jicho hilohilo juu ya kioo, kausha kwa methanoli, paka rangi ya Giemsa. Ukiona usaha mtupu bila seli za utando wa kope, tatizo umelipata bila kugusa inkubeta.

Matone ya ganzi yakitumika, yafutwe kwanza, maana vihifadhi vilivyomo huzuia bakteria. Kwa watoto wengi hayahitajiki kabisa.

Huenda swabu yenyewe ni sumu. Kijiti cha mbao hutoa utomvu unaodhuru seli na kimelea pia. Alginati ya kalisi ni mbaya, na pamba ya kawaida hubadilikabadilika kutoka pakiti hadi pakiti. Tumia dakroni au reyoni kwenye kijiti cha plastiki. Hata hizo zijaribu kila boksi jipya likifika: loweka swabu usiku mmoja kwenye 2SP yenye kimelea unachokijua, linganisha idadi ya vifuko na kichupa kisichowekwa swabu. Tofauti ya nusu ni sababu ya kurudisha boksi.

Kisha safari. Kwenye nyuzi 4 sampuli ina saa 24 za kufika kwenye seli. Baada ya hapo unapoteza kwa kasi. Kama hutafika kwa wakati huo, gandisha kwenye nitrojeni au nyuzi −70, si kitu kingine. Friza ya nyuzi −20, ya nyumbani au ya zahanati, ni mbaya kuliko jokofu la kawaida: inagandisha polepole, na klamidia haivumilii kukaa humo. Mtu akikuambia sampuli "zilihifadhiwa kwenye friza", uliza nyuzi ngapi kabla ya kupoteza seli zako.

Kasha la chanjo lina mtego wake. Pakiti ya barafu iliyotoka friza sasa hivi itagandisha vichupa vinavyoigusa, polepole, kwenye joto lilelile baya. Wauguzi wa chanjo wanajua dawa yake: acha pakiti nje mpaka ukiitikisa usikie maji yakicheza ndani, ndipo uipange kasha. Weka kadibodi kati ya pakiti na vichupa.

Nitrojeni hupatikana kupitia watu wa uhimilishaji wa ng'ombe. Tanzania kuna kituo cha taifa cha uhimilishaji Usa River, Arusha, na Kenya kuna kile cha Kabete. Panga nao mapema. Mtungi wenye kimiminika upime kwa kijiti cha mbao kikavu: kitumbukize hadi chini, hesabu hadi kumi, kitoe na kukipunga hewani. Mstari mweupe wa barafu unaojitokeza ndio kina cha nitrojeni. Mtungi mkavu wa safari, ule uliojaa kitu kama sponji, upime kwa mizani kabla ya kuondoka na kila jioni, maana ndani hakuna kimiminika cha kupima kwa kijiti. Ndani ya gari dirisha liwe wazi, kwa kuwa mvuke wake hufukuza hewa. Vichupa vikae kwenye mvuke, si ndani ya kimiminika. Kimiminika kikipenya kifunikoni, kichupa kinaweza kulipuka unapokiyeyusha.

Barafu kavu nayo inafaa, lakini inatoa kabonidayoksaidi muda wote. Kifuniko kisichokaza huingiza gesi hiyo, 2SP inakuwa na asidi, na kimelea kinafika kimekufa ilhali joto halikupanda hata kidogo. Dalili yake ni kidhibiti cha safari kilichokufa pamoja na rekodi ya joto isiyo na doa. Vichupa viwe na mpira, na uvifunge tena ndani ya mfuko wa plastiki unaobana.

Wakati wa kuyeyusha, fanya haraka: kwenye maji ya nyuzi 37 hadi kipande cha mwisho cha barafu kikaribie kuisha, kisha mara moja kwenye seli. Usigandishe tena kilichobaki ukitegemea kukiotesha kesho.

Ukishavuka hayo yote, angalia maabara yenyewe.

Sababu ya kwanza kabisa ya maabara, kwa maoni yetu, ni penisilini. Watu wa seli huzoea kutunza McCoy ndani ya mchanganyiko wa penisilini na streptomaisini. Seli zinang'aa, hazichafuki, na klamidia haigawanyiki humo. Hakifi palepale: kinavimba, kinakuwa vipande vikubwa visivyo vya kawaida, na hakitoi kizazi kinachoambukiza. Streptomaisini haina shida hiyo. T'ang Fei-fan na wenzake Beijing, waliotangaza mwaka 1957 kwamba wamekiotesha kimelea cha vikope ndani ya mayai, walitumia hiyo streptomaisini kuzuia uchafu. Seli zikitoka maabara nyingine, zihamishe angalau mara mbili bila penisilini kabla ya kuzipa sampuli. Tetrasaiklini, erithromaisini, kloramfenikoli na rifampisini zisikaribie kabisa.

Ya pili ni sentrifuji. Usiandike mizunguko kwa dakika kwenye daftari, andika g. Hesabu ni hii: zidisha 11.18 kwa nusu kipenyo katika sentimita, kisha kwa mraba wa mizunguko iliyogawanywa kwa 1,000. Mkono wa sentimita 10 unahitaji mizunguko 3,000 ili kufikia g 1,000. Mkono wa sentimita 15 unahitaji 2,450. Mwenye mkono wa sentimita 15 akizungusha 1,500 anapata g 377 tu, na serova A haitaingia vya kutosha. Mkono hupimwa kutoka katikati ya mhimili hadi chini ya kichupa kikiwa kimelala, si kikiwa kinaning'inia.

Joto la ndani ya sentrifuji nalo lipime. Ile isiyo na ubaridi, mchana wa Oktoba, inaweza kuvuka nyuzi 40 ndani ya saa moja. Ile yenye ubaridi iliyosahauliwa kwenye nyuzi 4 itakupa matokeo mabaya vilevile. Weka kipimajoto kwenye kichupa chenye maji na uzungushe saa nzima, usome mara inaposimama.

Ya tatu ni seramu. Baadhi ya chupa za seramu zina kingamwili dhidi ya klamidia, au mabaki ya dawa aliyopewa mnyama. Jaribu kila toleo jipya sambamba na la zamani kwa kutumia kidhibiti cha pili. Kuipasha nyuzi 56 kwa dakika 30 kunasaidia upande wa komplimenti (protini za damu zinazoshambulia vimelea), si upande wa kingamwili.

Wenye kutumia HeLa 229 waloweke seli kwa DEAE-dekstrani, kemikali inayosaidia kimelea kushika seli, maikrogramu 30 kwa mililita, dakika 20 hadi 30 kabla ya sampuli. Kwa McCoy si lazima.

Dalili: seli zinabanduka au zinakufa

Angalia lini zimekufa. Zikibanduka mara baada ya sentrifuji, zilikuwa changa mno, zimezeeka, au kioo kilikuwa na mafuta. Vibamba vioshwe kwa alikoholi na kukaushwa kwa joto. Seli zilizokaa siku tatu au nne zikiwa zimebanana hubanduka kama karatasi nzima.

Zikifa ndani ya saa 24 katika baadhi ya vichupa vya sampuli tu, hiyo ni sumu ya sampuli: damu, usaha mwingi, au swabu iliyoachwa ndani. Tikisa kichupa na shanga za kioo, toa swabu ukiikamulia ukutani, ondoa mabonge kwa sentrifuji ya pole, kisha panda sampuli nzima na nyingine iliyopunguzwa mara kumi sambamba. Mara nyingi ile iliyopunguzwa ndiyo inayotoa vifuko.

Zikifa katika vichupa vyote, pamoja na kile cha 2SP tupu, shuku mambo matatu.

Maji. Maji ya visima vya Dodoma yana chumvi nyingi, na mashine ya kuchemsha iliyojaa magadi haitoi maji ya seli. Maji ya betri ya dukani yasitumike, hata yakiandikwa nini kwenye chupa. Kwa kiasi kidogo, maji ya sindano ya hospitali ni salama kuliko vyote viwili.

Sikloheksimaidi. Kazi yake ni kupunguza mwendo wa seli ili kimelea kipate chakula. Ikizidi, inaua. Tengeneza akiba ya miligramu 1 kwa mililita, ugawe vipande vidogo, ugandishe, na utumie mililita 0.1 kwa kila mililita 100. Ikikaa ndani ya maji yenye pH ya juu inavunjika, na hapo unapata kinyume chake: seli zinaongezeka, zinapandana, na vifuko vinakuwa vidogo na vichache. Jaribu 0.5, 1 na 2 kila unapofungua chupa mpya, na vaa glavu, maana ni sumu kwako pia.

Mwanga. Maji ya kuoteshea yenye HEPES (kemikali ya kushikilia pH) yakikaa juani au chini ya taa hutengeneza haidrojeni peroksaidi. Chupa iliyoachwa dirishani siku nzima itupwe. Nyingine zifungwe kwa karatasi ya alumini.

Dalili: rangi ya maji imebadilika

Fenoli nyekundu, rangi ya kuonyesha asidi iliyomo kwenye maji ya kuoteshea, inakuambia mengi kabla ya hadubini. Njano na ukungu pamoja ni bakteria au hamira. Njano bila ukungu ni seli nyingi mno au asidi ya kabonidayoksaidi. Zambarau ni gesi iliyovuja.

Zambarau ndiyo ya kawaida pale umeme unapokatika na mtungi wa gesi umeisha. Kwa mazingira hayo usitegemee inkubeta ya gesi. Tumia HEPES milimola 25 na ukaze vifuniko, au weka vichupa vilivyolegezwa ndani ya mtungi wa mshumaa: mshumaa mweupe usio na manukato, unauwasha, unafunga, unajizima wenyewe na kuacha kabonidayoksaidi karibu asilimia 3. Inatosha. Umeme ukikatika saa tatu, usifungue mlango wa inkubeta "kuangalia". Chupa kubwa za maji zilizokaa ndani muda wote zitashikilia joto. Joto likishuka chini ya nyuzi 33 vifuko havifi, vinachelewa, kwa hiyo ongeza saa zilizopotea kabla ya kukausha. Likipanda juu ya 40, anza upya.

Ukungu wa bakteria ni jambo la kutegemea. Watoto wenye vikope hubeba pia Streptococcus pneumoniae na Haemophilus influenzae machoni. Kichupa kikichafuka usikitupe kama bado una sehemu ya pili ya sampuli iliyogandishwa, na ndiyo sababu kila sampuli igawanywe kabla ya kupandwa. Ipe jentamaisini maikrogramu 50 kwa mililita kwenye nyuzi 4 kwa saa moja au mbili, uipande iliyopunguzwa. Usichuje kwa kichujio cha 0.22: chembe ya klamidia ina upana wa karibu maikromita 0.3 na itabaki juu ya kichujio. Hamira na kuvu zikirudi kila wiki katika vichupa vyote, safisha trei ya maji ya inkubeta kabla ya kuongeza amfoterisini, maana nayo ikizidi inaumiza seli.

Kuna uchafu usiobadilisha rangi. Maikoplazma, bakteria wadogo mno, haioneshi ukungu, seli zinaishi, ila zinakua polepole na vifuko vinapungua mwezi hadi mwezi. Paka rangi ya Hoechst: vitone vidogo vinavyong'aa nje ya kiini cha seli ndiyo hiyo. Usijaribu kutibu. Choma seli zote na uanze na akiba safi.

Dalili: vifuko vipo, lakini havieleweki

Kifuko halali kiko ndani ya seli, kando ya kiini, kina ukingo laini, na kwa kingamwili yenye fluoreseini kinang'aa kijani cha tufaha juu ya seli zinazoonekana nyekundu kwa rangi ya bluu ya Evans. Ukiongeza ukuzaji unaona punjepunje ndani. Kitu cha duara kinachong'aa sawasawa, nje ya seli, katika vishada, ni stafilokokasi: protini A yake hunasa mkia wa kingamwili nyingi. Kingamwili dhidi ya LPS (lipopolisakaridi ya ganda la bakteria) hukosea zaidi hapo kuliko ile ya protini kuu ya ganda, MOMP. Ung'aavu ulio ukingoni mwa kibamba tu ni rangi iliyokauka. Usiuhesabu.

Iodini ya Lugol ni rahisi na haidai hadubini ya fluoresensi, ndiyo maana inapendwa vijijini. Inapaka glaikojeni ya kifuko rangi ya kahawia saa 48 hadi 72. Lakini inakosa vifuko vidogo, inafifia ukisoma polepole, na aina chache za kimelea zisizo na plasmidi (duara dogo la DNA la ziada) hazijazi glaikojeni kabisa. Iodini ikikataa, kibamba hichohicho kinaweza kuoshwa kwa methanoli hadi kahawia iishe, kisha kikapakwa Giemsa. Tusingeripoti "hakuna" kwa iodini peke yake.

Vifuko vikubwa vyenye vipande vichache vinene ndani, badala ya punje nyingi ndogo, vinasema penisilini ipo mahali fulani au seli zimekosa chakula. Vikiwa vidogo mno katika sampuli zote na kidhibiti ni kizuri, ongeza saa 24 kwanza. Serova za macho haziendi kwa saa ya L2.

Sampuli chanya zote zikifuatana kwenye orodha, namba 14, 15, 16, 17, kabla ya kushangilia angalia daftari la shambani. Glavu zilibadilishwa kati ya mtoto na mtoto? Kidole kimoja chenye usaha kinabeba kimelea hadi jicho la anayefuata, si kwenye swabu tu. Kila baada ya sampuli kumi chukua swabu ya hewa: ifungue karibu na mtoto bila kumgusa, irudishe kichupani, iandike namba kama nyingine. Msomaji wa hadubini asijue ni ipi.

Dalili: iliota mara ya kwanza, mara ya pili ikapotea

Hii inauma kwa sababu kimelea ulikuwa nacho. Kwa kawaida kilikuwa kichache na kikasubiriwa mno: saa 72 zikipita, seli zinapasuka, na chembe zinazoelea kwenye maji ya nyuzi 37 hupoteza nguvu haraka. Hamisha saa 48 hadi 72, usingoje uone vifuko vingi. Kwangua seli ndani ya maji yake, tikisa na shanga za kioo dakika moja ili zipasuke, na upande zote kwenye kichupa kipya bila kuzipunguza. Mizunguko miwili au mitatu ya mwanzo nenda moja kwa moja, usigawanye. Hata sampuli iliyosomwa tupu mara ya kwanza ihamishwe hivyo mara moja kabla ya kuandikwa hasi, maana baadhi ya sampuli za macho hujitokeza mara ya pili tu.

Ukifikia mahali ambapo theluthi moja ya seli zina vifuko, gandisha angalau vichupa vitano ndani ya SPG (kimiminika cha sukrosi, fosfati na glutamati) au 2SP kwenye nyuzi −70 kabla ya kuendelea. Siku inayofuata yeyusha kimoja na ukipande. Kama hicho hakioti, vinne vilivyobaki navyo havina kitu, na bado una seli hai za kurudia kugandisha.